Daktari Albert Cook wa Mengo

Wengi wetu tumepita Namirembe tukaiona Hospitali ya Mengo, lakini ni wachache wanaojua habari za mtu aliyeianzisha. Mimi mwenyewe sikuzitafuta kwa ajili ya udaktari. Zilinijia kwa njia ya kompyuta, kama mtakavyoona.

Albert Ruskin Cook alizaliwa London mwaka 1870. Alisoma Cambridge, kisha akajifunza udaktari katika hospitali ya St Bartholomew's. Mwaka 1896 alisafiri na kundi la wamisionari mpaka Mombasa, na kutoka huko wakaishika njia ya bara, maana reli ilikuwa haijafika. Waliingia Mengo mwezi wa Februari 1897. Katika kundi hilo alikuwamo mwuguzi, Bibi Katharine Timpson, ambaye Daktari alimwoa mwaka 1900. Hospitali yake ya kwanza ilikuwa ya matete na nyasi. Iliyoifuata, iliyokuwa kubwa zaidi, ilipigwa radi mwaka 1902 ikateketea, naye akaanza tena. Mwaka 1901 yeye na ndugu yake Jack, aliyekuwa daktari pia, ndio waliotambua kwamba ugonjwa wa malale umeingia Uganda.

Haya husimuliwa mara nyingi. Lakini mimi hustaajabia zaidi kazi yake ya kalamu. Alijifunza Kiganda akakisema vizuri, na mwaka 1903 kilitoka kitabu chake cha maneno ya udaktari katika lugha hiyo. Kazi hiyo haikuwa nyepesi. Mganda akisema anaumwa olubuto, pengine ni tumbo zima, pengine ni mimba. Na omusujja ni homa za namna nyingi. Daktari anayelichukua neno bila kuuliza zaidi atatoa dawa isiyo yake.

Baada ya Vita Kuu ya Kwanza, Bibi Cook alianzisha shule ya wakunga hapo Mengo, na mwaka 1923 Daktari akatoa kitabu cha Kiganda cha kuwafundisha, Amagezi Agokuzalisa. Fikirini kidogo hali ya msichana yule. Amemaliza masomo, ametumwa kwenye kituo cha mbali, ni usiku, mama anaumwa uchungu, wala hakuna wa kumwuliza. Ana vyombo na dawa, na maneno aliyofundishwa. Akitumia chombo mahali pasipo pake, mtu atakufa.

Hapo ndipo kompyuta inapoingia. Katika chama chetu shuleni tunajifunza kuunda programu ziitwazo wakala wa akili bandia. Wakala hupewa vyombo: kimoja cha kutafuta, kimoja cha kupiga hesabu, kimoja cha kupeleka barua. Wala haoni chombo chenyewe kilivyo ndani. Husoma maneno machache yaliyoandikwa juu yake, kisha huchagua. Mimi niliandika kwamba chombo changu hutafuta habari, basi. Nilikusudia vitabu vya maktaba. Tulipomwuliza wakala tarehe za mitihani, alikishika chombo hicho hicho akatuletea orodha ya vitabu vyenye neno mtihani. Wenzangu walicheka sana. Mashine haikuwa na kosa, ilitii nilichoandika. Ikanibidi niandike upya: kinatafuta vitabu vya maktaba tu, kipewe jina la kitabu au la mwandishi, kitarudisha mahali kitabu kilipo, na kisitumiwe kwa ratiba ya shule. Mwalimu wetu akaniambia nikasome habari za Daktari Cook na wakunga wake.

Nimesoma, na sikuona kwamba hakukosea kamwe. Mwaka 1908 alitangaza kwamba kaswende imeenea mno katika Buganda, na maneno yake yaliwatia watu aibu kubwa. Madaktari wa baadaye walidhani kwamba wengi wa wagonjwa wale walikuwa na buba, ambayo vidonda vyake hufanana na vya kaswende. Jina moja lilibeba magonjwa mawili, na mtu mwenye uangalifu kama yeye hakuona.

Lakini aliandika habari za wagonjwa, kila mmoja na dalili zake, na hospitali ikazitunza. Mwaka 1958 Denis Burkitt wa Mulago alieleza uvimbe wa taya unaowapata watoto, na wengine walidhani ni ugonjwa mpya. Madaktari wa Kampala wakafungua maandishi ya Mengo, tangu 1897 mpaka 1956, wakachapisha matokeo mwaka 1964: watoto wenye uvimbe huo walikuwamo tangu zamani, wameelezwa vizuri hata msomaji aliyekuja baadaye akawatambua.

Alipewa cheo cha Sir mwaka 1932. Mkewe alifariki mwaka 1938, naye akamfuata mwaka 1951, hapa hapa Kampala. Maandishi yale ya wagonjwa yamehifadhiwa katika maktaba ya udaktari ya Makerere, iliyoko Mulago, ambayo imeitwa kwa jina lake.