Janis Joplin na Nyimbo za Watu

Bendi ya chuo ikipanda jukwaani Ijumaa, hakosekani jamaa mmoja wa nyuma wa kulalamika kwamba hawa nao wanapiga kopi tu. Kwetu neno kopi limeshakuwa kama tusi. Basi leo, wanachuo wenzangu, niwasimulie habari za dada mmoja aliyeimba kopi karibu maisha yake yote ya muziki, na bado hakuna aliyewahi kumchanganya na mtu mwingine.

Janis Joplin alizaliwa tarehe 19 Januari 1943 Port Arthur, mji wa viwanda vya kusafishia mafuta katika jimbo la Texas, Marekani. Zama hizo weupe na weusi walikuwa bado wametengwa, kila mtu na shule yake. Janis, binti wa Kizungu, alikuwa akijifungia na santuri za Bessie Smith na Lead Belly, waimbaji weusi wa bluzi, na hakuficha kwamba ubaguzi haumpendezi. Shuleni wenzake walimtania kwa hilo, wakamtania na kwa sura yake, maana alikuwa na chunusi nyingi usoni.

Mwaka 1962 akaingia Chuo Kikuu cha Texas, Austin. Alikuwa anatembea peku, anavaa suruali za jinzi wakati wasichana wengine wanavaa sketi, na jioni anaimba kwenye baa ya Threadgill, ambayo zamani ilikuwa kituo cha mafuta. Hapo ndipo wanafunzi wenzake walipofanya jambo ambalo hata leo linauma kulisimulia. Kulikuwa na shindano la kampasi la kumtafuta mwanamume mwenye sura mbaya kuliko wote, na jina la Janis likaingizwa humo. Eti utani! Januari 1963 aliondoka chuoni, akadandia magari ya watu hadi San Francisco.

Huko nako mambo hayakunyooka. Dawa za kulevya zilimkondesha, na mwaka 1965 akarudi nyumbani kwa wazazi, akaanza tena masomo na kujaribu kuishi kama majirani walivyotaka. Hakuweza. Mwaka 1966 bendi ya Big Brother and the Holding Company ikamwita San Francisco, naye akaenda.

Sasa tuje kwenye zile kopi. Wimbo uliomtangaza kwenye tamasha la Monterey, Juni 1967, ni Ball and Chain, mali ya Big Mama Thornton, mwimbaji mweusi wa bluzi. Janis na bendi yake waliupunguza mwendo, wakaweka magitaa yanayokwaruza, naye akauimba kwa kupasua koo. Piece of My Heart, ambao wengi tunaujua kama wake, ulikuwa umeshaimbwa mwaka 1967 na Erma Franklin, dada yake Aretha.

Je, alikuwa anaiba? Swali hili si dogo. Mzungu kuimba nyimbo za weusi na kupata pesa kuliko wenyewe lilikuwa jambo la kawaida Marekani, na Janis alinufaika nalo. Ila yeye kila mara aliwataja wenye nyimbo, na Bessie Smith alimtaja kama mwalimu wake. Bessie alikufa mwaka 1937, na kwa miaka zaidi ya 30 kaburi lake kule Pennsylvania halikuwa na jiwe lenye jina. Agosti 1970 jiwe likawekwa. Gharama walichangia Janis na mama mmoja aliyewahi kufanya kazi za ndani kwa Bessie akiwa mtoto.

Mwezi uliofuata Janis alikuwa studio Los Angeles na bendi mpya, Full Tilt Boogie, wakirekodi albamu ya Pearl chini ya prodyuza Paul Rothchild. Ina vibao kumi. Move Over aliutunga mwenyewe. Mercedes Benz aliutunga na wenzake wawili, na Oktoba 1 akaurekodi kwa sauti kavu, bila chombo hata kimoja. Vingine ni vya watunzi wengine. Cry Baby ulikuwa umeshaimbwa na Garnet Mimms. Me and Bobby McGee ulitungwa na Kris Kristofferson, na kwa kuwa mwimbaji sasa ni mwanamke, Janis akamgeuza Bobby kuwa mwanamume.

Lakini katika wiki hizo hizo alikuwa amerudia heroini. Oktoba 4, 1970 alikutwa amekufa katika chumba chake cha hoteli. Alikuwa na miaka 27. Jimi Hendrix, naye wa miaka 27, alikuwa amekufa siku 16 tu nyuma. Siku hiyo Janis alitarajiwa studio kuingiza sauti kwenye Buried Alive in the Blues. Wenzake waliuacha kama ulivyo, na ukisikiliza Pearl leo utakuta vyombo vinalia peke yao, mwimbaji hayupo.

Albamu ilitoka Januari 1971, ikakaa namba moja Marekani wiki tisa. Kristofferson alikuja kuusikia wimbo wake kwa sauti ya Janis wakati mwenyewe ameshafariki.

Kwa hiyo, Ijumaa ijayo bendi yetu ikipiga wimbo wa mtu, tuwasikilize kwanza kabla ya kuguna. Tuangalie kama wameweka chochote chao ndani. Nao wanabendi, kabla ya kupiga, watuambie wimbo ni wa nani. Na tukimwona mwenzetu kampasi anavaa au anaimba tofauti na sisi, tukumbuke lile shindano la Austin, tumwache apite kwa amani.