Ernest Starling, mutu aliyeonyesha mupaka wa moyo

Mugonjwa wa kipindupindu akifika hospitali amekauka, anaingiziwa serum mbiombio, na inamuokoa. Lakini kwa mwingine mwenye moyo zaifu, chupa ileile inaweza kujaza maji ku mapafu. Aliyesaidia waganga kuelewa tofauti hiyo ni Mwingereza Ernest Starling.

Alizaliwa London mwaka wa 1866. Baba yake alikuwa mwanasheria kule Bombay, India, kwa hiyo watoto walilelewa zaidi na mama. Alisomea uganga ku hospitali ya Guy's, lakini maabara ndiyo ilimuvuta zaidi. Mwenzake wa kazi, William Bayliss, alioa dada yake.

Mwaka wa 1896 Starling alieleza namna maji yanatoka na kurudi ku mishipa midogo sana: presha ya damu inayasukuma inje, protini za damu zinayavuta ndani. Mwaka wa 1902, yeye na Bayliss waligundua sekretini, na mwaka wa 1905 akaleta neno homoni.

Kisha akageukia moyo. Akitumia moyo na mapafu ya imbwa, aliongeza damu inayoingia, akaona moyo unavutika na kupiga kwa nguvu zaidi. Lakini kuna mupaka: ukijazwa kupita kiasi, nguvu haiongezeke tena. Mujerumani Otto Frank alikuwa ameona jambo la karibu ku moyo wa chura, njo maana kanuni hiyo inabeba majina ya wote wawili.

Wakati wa vita ya 1914, Starling alifanya kazi ya kukinga askari na gesi ya sumu. Alikufa mwaka wa 1927 ndani ya meli, karibu na Kingston, Jamaica, akazikwa huko. Alikuwa na miaka 61.

Hakuona ekografi. Lakini leo munganga anapoweka mashini hiyo ku shingo, kutazama namna mushipa mukubwa unavyobadilika mugonjwa akipumua, anatafuta kujua jambo lilelile: moyo huu ukiongezewa maji, utapiga vizuri zaidi, ao utalemewa? Kipimo hicho peke yake hakitoshe. Presha, mukojo na pumzi vinaangaliwa pia. Kwa hiyo munganga akipunguza mwendo wa serum, jamaa wasizani ni ubahili. Pengine moyo wa mugonjwa wao umefika ku mupaka.