Mwenyeheri Isidori Bakanja, Mtumishi Aliyesamehe

Katika kambi na vijiji vya Kapata, na pande zote za Kolwezi ambako watu huchimba shaba, hakuna asiyejua habari ya mtu aliyetoka nyumbani asubuhi akiwa mzima wa viungo, na jioni akarudishwa akichukuliwa na wenzake. Mtu kama huyo, akilala juu ya mkeka siku nyingi, huanza kujiuliza moyoni: nguvu zangu zimekwisha, kazi yangu imekwisha, nimebaki wa nini duniani? Swali hilo ni zito, wala halijibiwi kwa maneno mepesi. Lakini yuko mwana wa nchi hii ya Kongo aliyelijibu, si kwa kinywa tu, bali kwa maisha yake. Jina lake ni Isidori Bakanja. Ninyi mnaojiandaa kupokea Ubatizo, sikilizeni habari zake kwa makini, maana yeye hakuwa padri wala mtawa. Alikuwa mfanyakazi, kama baba zenu na kaka zenu.

Bakanja alizaliwa kati ya miaka 1880 na 1890 katika kijiji cha Bokendela, kwa watu wa Boangi, walio wa jamaa kubwa ya Wamongo. Nchi yao ni nchi ya misitu minene na mito mipana, mbali sana na Lualaba. Tangu mwaka 1885 Kongo ilikuwa chini ya Leopold wa Pili, mfalme wa Ubelgiji, naye aliitawala kama mali yake mwenyewe. Wenyeji walilazimishwa kuleta mpira wa msituni na pembe za ndovu, na waliopungukiwa walipigwa fimbo, wengine wakafungwa, wengine wakauawa. Mwaka 1908 serikali ya Ubelgiji ilitwaa utawala wa nchi, lakini desturi za ukali hazikutoweka kwa siku moja katika vituo vya makampuni vilivyokuwa mbali msituni.

Bakanja alipokuwa kijana alishuka Mbandaka, mji ulioitwa wakati ule Coquilhatville, akapata kazi ya kuwasaidia waashi. Huko alikutana na Watrapisti, watawa waliotoka Ubelgiji kuhubiri Injili. Akaisikia habari njema ya Yezu Kristu, akaipenda. Akajifunza katekisimu kwa bidii, jioni baada ya jasho la mchana. Tarehe 6 Mei 1906 alibatizwa huko Bolokwa-Nsimba, akapewa jina la Isidori. Mwaka ule ule akapewa Kipaimara, na mwaka 1907 akapokea Komunyo ya kwanza. Akavikwa pia Skapulari ya Bikira Maria wa Mlima Karmeli, yaani vipande viwili vya kitambaa vilivyofungwa kwa uzi na kuvaliwa shingoni. Kwake yeye Skapulari hiyo na Rozari zilikuwa kama sare ya askari: aliyemwona alijua mara moja ni Mkristu. Hakuzivua.

Kazi yake ya uashi ilipokwisha, Isidori alirudi kwao, kisha akaenda nchi ya Busira kutafuta kazi. Akawa boi katika nyumba ya Mzungu mmoja wa kampuni ya Kibelgiji iliyonunua mpira na pembe. Bwana wake alimpenda kwa kuwa alikuwa mwaminifu na mpole. Bwana huyo alipohamishiwa kituo cha Ikili, Isidori akamfuata. Na hapo ndipo msalaba wake ulipomngojea.

Msimamizi wa Ikili aliitwa Van Cauter. Mtu huyu aliichukia dini, akawachukia na mapadri, maana aliona ya kuwa Mwafrika akijua kwamba mbele ya Mungu watu wote ni ndugu, hatavumilia tena kutendewa kama mnyama. Isidori hakuwa na ukaidi. Kazi yake aliitimiza vizuri. Lakini baada ya kazi alisali, na wenzake walipotaka kujua sala, aliwafundisha. Palikuwa hapana mwalimu wa dini mahali pale, wala kanisa, wala padri. Yeye mwenyewe, Mkristu wa miaka mitatu tu, ndiye aliyekuwa mwalimu. Msimamizi akamkataza kufundisha. Akamwamuru aivue Skapulari. Isidori hakuivua, akapigwa fimbo. Akaomba ruhusa arudi kwao, akanyimwa.

Siku moja, mwanzoni mwa mwaka 1909, hasira ya msimamizi ilipita kiasi. Akamnyang'anya Skapulari, akaitupa, akaamuru Isidori alazwe chini na kupigwa. Mjeledi uliotumika ulikuwa wa ngozi ya tembo wenye misumari. Akapigwa zaidi ya mara mia, hata ngozi ya mgongo ikachanika na mifupa ikaonekana. Kisha akafungwa minyororo miguuni, akatupwa chumbani.

Baadaye ikasikika ya kuwa mkaguzi wa kampuni anakuja Ikili. Msimamizi akaogopa, akamwondoa Isidori asionekane. Lakini Isidori akajificha msituni, na mkaguzi alipofika, akajikokota mpaka kwake. Mkaguzi huyo, aliyeitwa Dörpinghaus, aliona mtu akitoka msituni na mgongo wake umejaa vidonda vilivyooza, akashikwa na hofu na huruma. Akamlinda mbele ya Van Cauter, akamchukua atunzwe. Lakini dawa za wakati ule hazikuweza tena kitu. Sumu ya vidonda ilikuwa imekwisha kuingia mwilini.

Hapa tusimame kidogo, tufikiri. Isidori alikuwa kijana. Mikono yake ilikuwa na ufundi, moyo wake ulikuwa na matumaini ya mbele. Sasa hawezi kulala chali, hawezi kubeba maji, hawezi kumtumikia mtu. Harufu ya vidonda vyake iliwachosha hata waliomhurumia. Kwa hesabu ya wanadamu maisha yake yalikuwa yamepotea. Zaidi ya hayo, alikuwa na sababu ya haki ya kuwa na uchungu, kwa kuwa hakuiba wala hakupigana. Angeweza kutumia siku zake zilizobaki katika kulaani, na nani angemlaumu?

Lakini Isidori aliona ya kuwa kazi moja imebaki ambayo mgongo uliopasuka haukuweza kuizuia. Mikono iliyoshindwa kubeba mzigo iliweza bado kushika Rozari. Kinywa kilichoshindwa kula sana kiliweza bado kusali. Tena aliweza kutenda jambo gumu kuliko yote: kusamehe. Basi kitanda chake kikawa mahali pa kufundishia dini. Waliokuja kumtazama walimwona akisali. Hakuficha sababu ya mateso yake: aliwaomba watu wamwambie mama yake, na hakimu, na padri, ya kuwa anakufa kwa sababu ni Mkristu. Maana kusamehe si kusema uongo, wala si kuuita ubaya wema. Isidori alisema kweli juu ya kosa, na huku akamsamehe mkosaji.

Mwezi wa Julai 1909 Mapadri wawili Watrapisti, Gregory Kaptein na Georges Dubrulle, walifika Busira alikolala. Wakamwungamisha, wakampa Mpako Mtakatifu na Ekaristi. Walipomhimiza amsamehe aliyempiga, wakakuta amekwisha kumsamehe. Tena akaahidi ya kuwa akifika mbinguni atamwombea sana. Mwezi wa Agosti, baada ya mateso ya miezi karibu sita, akafariki, Rozari mkononi na Skapulari shingoni.

Liko jeraha jingine linalojulikana katika historia ya Kanisa. Mwaka 1521, katika vita ya mji wa Pamplona nchini Hispania, askari mmoja aitwaye Ignasi wa Loyola alivunjwa mguu na tufe la mzinga. Kitandani alisoma maisha ya Kristu na ya watakatifu, akageuka moyo. Akaamka akichechemea, akaanzisha Shirika la Yezu, lililokubaliwa na Baba Mtakatifu mwaka 1540. Ignasi alipewa miaka mingi baada ya jeraha lake. Isidori alipewa miezi michache tu. Mmoja alianzisha shirika kubwa, mwingine hakuacha hata nyumba. Walakini wote wawili waliacha kutazama kilichoondolewa, wakamwuliza Mungu juu ya kilichobaki.

Jina la Isidori halikuzikwa pamoja naye. Tarehe 24 Aprili 1994, Baba Mtakatifu Yohane Paulo wa Pili alimtangaza kuwa Mwenyeheri huko Roma, wakati maaskofu wa Afrika walipokuwa wamekusanyika katika Sinodi. Boi wa Ikili, aliyekatazwa kufundisha sala kwa watu wachache msituni, leo anafundisha Kanisa zima.

Basi, ndugu mnaojifunza dini, shikeni mambo matatu. La kwanza: msingoje kuwa na elimu nyingi ndipo muwafundishe wenzenu sala. Isidori alifundisha kile kidogo alichokijua. La pili: mkiona uonevu kazini, semeni kweli bila woga, lakini msiuache moyo ukachachuka kwa chuki. La tatu: akiwapo kijijini mwenu mtu aliyevunjika au aliyepoteza kiungo, msimwone kama mtu aliyekwisha. Nendeni mkakae naye, mkamfunge vidonda, mkamletee maji na kuni, kisha mkamwombe awaombee, awafundishe watoto, awape shauri. Labda Mungu amemwekea kazi mkekani pale ambayo sisi wenye miguu mizima hatuiwezi.

Mwenyeheri Isidori Bakanja, utuombee.