Mehta wa Lugazi na Wajina Wake

Mehta si jina la mtu mmoja wala la ukoo mmoja. Hapo kale, katika nchi ya Gujarat, lilikuwa cheo cha karani, mtunza daftari za hesabu, na ndiyo maana limebebwa na watu wa kila namna. Alilibeba Narsinh Mehta, mshairi mcha Mungu wa Junagadh katika karne ya 15, ambaye wimbo wake mmoja Gandhi aliupenda mno. Alilibeba Pherozeshah Mehta, mwanasheria wa Bombay. Na Jivraj Mehta, daktari aliyekuja kuwa Waziri Kiongozi wa kwanza wa jimbo la Gujarat mwaka 1960. Mkewe Jivraj, Hansa, ndiye aliyeshikilia kwamba Tamko la Haki za Binadamu la 1948 litaje binadamu wote, wala si wanaume tu.

Sisi wa Afrika Mashariki tunaye Mehta wetu.

Nanji Kalidas Mehta alizaliwa mwaka 1887 katika kijiji cha Gorana, karibu na Porbandar. Alikuwa kijana mdogo, hajatimiza hata miaka 15, alipovuka Bahari ya Hindi kwa jahazi. Baadaye alifika Uganda, akafungua duka huko Kamuli, Busoga. Mzee yeyote wa Mpanda angelitambua duka la namna hiyo: mwenye duka hulala humo humo, na daftari la madeni ndilo mali yake ya kwanza. Kutoka dukani akaingia katika pamba, akajenga vinu vya kuichambua. Na mwaka 1924 akaanzisha kiwanda cha sukari Lugazi.

Hapo kwenye pamba palikuwa na donda. Wakulima wa Buganda walinung'unika miaka mingi kwamba bei hupangwa na wengine, na katika ghasia za 1949 walidai haki ya kuchambua pamba yao wenyewe. Vinu vingi vilikuwa mikononi mwa Wahindi. Si haki kumsimulia Mehta kana kwamba dai hilo halikuwapo. Mkulima wa pamba wa Wilaya ya Tanganyika ataelewa bila kufafanuliwa.

Fedha yake haikubaki kabatini. Huko Porbandar alijenga shule ya bweni ya wasichana, wakati ambapo wazazi wengi waliona kumsomesha binti ni hasara, na kando ya nyumba alimozaliwa Gandhi akajenga Kirti Mandir, iliyofunguliwa mwaka 1950.

Alifariki mwaka 1969. Miaka mitatu baadaye Idi Amin aliwafukuza Waasia, na kiwanda kikatwaliwa. Amin alipokwisha kuanguka, familia ilirudi Lugazi ikakuta kazi ya kuanza upya, ikaanza. Miwa ingali inasagwa huko.