Jiro Takamatsu: Mchoraji wa Vivuli Visivyo na Wenyewe

Jiro Takamatsu alizaliwa Tokyo mwaka 1936, akahitimu masomo ya uchoraji wa rangi za mafuta mjini humo mwaka 1958. Mwaka 1963 yeye, Genpei Akasegawa na Natsuyuki Nakanishi waliunda kikundi cha Hi Red Center, ambacho jina lake ni tafsiri ya Kiingereza ya alama za mwanzo za majina yao: juu, nyekundu na kati.

Kuanzia mwaka 1964 Takamatsu alichora vivuli vya watu juu ya usuli mweupe, bila kuwachora wenye vivuli. Kwa kawaida kivuli huthibitisha kuwapo kwa mwili. Katika picha hizi kinathibitisha kukosekana kwake. Ni rahisi kuziita kiinimacho. Hata hivyo, kiinimacho hudai kwamba kisichokuwapo kipo, ilhali Takamatsu anamwachia mtazamaji pengo alijaze mwenyewe. Kivuli cha mtazamaji kinapoangukia picha, naye huwa sehemu ya swali hilo.

Mwaka 1968 alitunukiwa Tuzo ya Carlo Cardazzo katika maonyesho ya kimataifa ya Venice. Alifariki mwaka 1998, akiwa bado hajaviacha vivuli.