Michael Faraday: Fundi wa Vitabu Aliyetupea Jenereta Bila Digrii

Stima unayochajia simu saa hii, kuna uwezekano mkubwa imetoka Olkaria ama mabwawa ya Mto Tana. Huko mvuke au maji huzungusha mtambo wenye sumaku na nyaya. Sasa cheki: msee aliyegundua huo ujanja hakuwahi kusomea chuo chochote. Hata sekondari hakuiona.

Michael Faraday alizaliwa 22 Septemba 1791, kusini mwa London. Fathe wake alikuwa mhunzi mgonjwa-mgonjwa, na kwao walikuwa wamesota vibaya. Kuna wakati mtoi alikuwa anapewa mkate mmoja, umtoshe wiki nzima. Shule ilimpa kusoma, kuandika na hesabu kidogo, basi. Akiwa na miaka 14 akapelekwa kwa George Riebau, muuza vitabu wa Blandford Street, ajifunze kujalidi. Alikaa huko miaka saba.

Kazi ilikuwa kushona karatasi. Yeye akaanza kuzisoma. Ensaiklopidia ya Britannica ikamwonyesha umeme, halafu kitabu cha kemia cha Jane Marcet kikammaliza kabisa. Riebau alikuwa mdosi poa, akamwachia afanye majaribio yake madogo hapo dukani. Kuanzia 1810 akawa anahudhuria mihadhara ya sayansi jioni. Kiingilio kilikuwa shilingi moja, na aliyemtolea ni bro yake Robert, mhunzi pia. (Kama una Robert wako, mshukuru leo.)

Mwaka wa 1812 mteja mmoja wa duka akampa tiketi za kumsikiza Humphry Davy, staa wa kemia pale Royal Institution. Wewe ungeenda, upige makofi, urudi keja. Faraday aliandika kila kitu, akachora vifaa, akanakili upya kwa usafi, kurasa kama 300, kisha akazijalidi kwa mikono yake na kumtumia Davy, pamoja na barua ya kuomba kazi. Hakuwa na cheti, kwa hivyo alituma kazi yenyewe.

Davy alifurahi, lakini nafasi haikuwepo. Akamshauri ashikilie tu kujalidi. Mapema 1813 msaidizi wa maabara akapigana, akafutwa, na Davy akakumbuka yule kijana wa kurasa 300. Tarehe 1 Machi Faraday akaandikwa, kazi ikiwemo kuosha chupa.

Usidhani baada ya hapo ilikuwa raha. Mwaka huo huo walisafiri Ulaya, mtumishi wa Davy akadinda kwenda, na Faraday akabebeshwa kazi zake. Mke wa Davy alimchukulia kama boi wa nyumba, hadi karibu aache safari na sayansi yote. Na 1824, wakati wa kumpigia kura aingie Royal Society, aliyempinga alikuwa Davy mwenyewe! Aliingia tu.

Kukosa shule kulimgharimu pia, tusidanganyane. Hesabu ngumu hakuziweza maisha yake yote. Alichoona kwa macho, James Clerk Maxwell, aliyesomea Cambridge, ndiye baadaye alikigeuza kuwa milinganyo.

Lakini mikono yake ilikuwa moto. Agosti 1831 alizungushia pete ya chuma nyaya mbili zisizogusana. Akiwasha moja, umeme ukaruka kidogo kwa nyingine. Oktoba akasukuma sumaku ndani ya koili ya waya na umeme ukatokea, bila betri. Kisha akazungusha sahani ya shaba katikati ya sumaku kubwa, na umeme ukaendelea kutoka. Hiyo ndiyo jenereta ya kwanza.

Baadaye walitaka kumpa cheo cha Sir, akakataa. Urais wa Royal Society pia alikataa. Alifariki 25 Agosti 1867 kwa nyumba ya Hampton Court aliyopewa na Malkia Victoria.

Na digrii? Oxford walimpa ya heshima 1832, mwaka mmoja baada ya ile sumaku.