Lyotard: Mwanafalsafa aliyeyatilia shaka masimulizi makuu

JINA la Jean-François Lyotard hutajwa kila wasomi wanapojadili iwapo jamii ya leo imeuvuka usasa na kuingia katika enzi ya usasaleo. Mfaransa huyu hakulibuni neno hilo, kwani wahakiki wa sanaa na wa usanifu majengo walikuwa wameshalitumia. Hata hivyo, ni kitabu chake cha mwaka 1979 kilicholifanya kuwa mjadala mkuu wa wanafalsafa.

Lyotard alizaliwa Agosti 10, 1924 mjini Versailles, karibu na Paris. Utotoni alitamani kuwa mtawa, mchoraji au mwanahistoria. Paris ilipokombolewa kutoka mikononi mwa Wanazi mnamo Agosti 1944, kijana huyo alikuwa miongoni mwa waliojitolea kuwahudumia majeruhi. Baadaye alisomea falsafa katika Chuo Kikuu cha Sorbonne, ambako alifanya urafiki na Gilles Deleuze, aliyekuja kuwa mwanafalsafa mashuhuri.

Mnamo 1950 alihitimu kuwa mwalimu wa falsafa na kupelekwa kufundisha katika shule ya upili mjini Constantine, Algeria, nchi iliyokuwa chini ya ukoloni wa Ufaransa. Huko alijionea jinsi wenyeji walivyonyanyaswa na taifa lililojigamba kuwa mlezi wa uhuru na usawa. Hapo ndipo siasa ilipoanza kumwingia damuni.

Alirejea Ufaransa mwaka 1952. Miaka miwili baadaye, vita vya uhuru vya Algeria vilipolipuka, alijiunga na Socialisme ou Barbarie, kundi la wanamapinduzi waliopinga ubepari na pia udikteta wa Kisovieti. Katika jarida la kundi hilo aliandika makala nyingi kuhusu Algeria. Aliunga mkono uhuru wa nchi hiyo, lakini akatahadharisha kwamba huenda matunda yake yakaangukia mikononi mwa tabaka jipya la watawala badala ya wakulima na wafanyakazi.

Kundi hilo liligawanyika mwaka 1964, na kufikia 1966 Lyotard alikuwa ameuacha pia upande aliouchagua. Hakuamini tena kwamba nadharia ya Marx ingeweza kueleza kila jambo na kuwakomboa wote. Kwa mtu aliyeitumikia imani hiyo kwa zaidi ya mwongo mmoja, kuiacha hakukuwa jambo dogo. Hata hivyo, hakujitenga na harakati: mnamo Mei 1968 alisimama na wanafunzi walioandamana katika chuo cha Nanterre alikokuwa akifundisha.

Kitabu kilichompa umaarufu, La Condition postmoderne, kilitokana na ripoti kuhusu hali ya maarifa aliyoiandika kwa ombi la baraza la vyuo vikuu la serikali ya Quebec, Kanada. Humo alidai kwamba usasa ulisimama juu ya masimulizi makuu, yaani hadithi pana zinazoahidi kuwa sayansi, akili au mapinduzi yatawakomboa wanadamu wote. Kwa maoni yake, jamii zilizoendelea zilikuwa zimepoteza imani katika hadithi hizo.

Aidha, alibashiri kuwa tarakilishi zingeyageuza maarifa kuwa bidhaa ya kuuzwa na kununuliwa, na kwamba mataifa yangegombania habari kama yalivyowahi kugombania ardhi. Ndiposa akapendekeza hazina za data zifunguliwe kwa umma. Katika zama hizi za intaneti, utabiri huo ungali na uzito.

Si wote waliomkubali. Mjerumani Jürgen Habermas alishikilia kuwa usasa ni kazi ambayo haijakamilika, wala si enzi iliyokwisha. Wengine walihoji kwamba kudai masimulizi makuu yamekufa ni kuzua simulizi jingine kuu. Isitoshe, dini na uzalendo vingali vinawasukuma mamilioni ya watu. Lyotard mwenyewe baadaye alikiona kitabu hicho kuwa miongoni mwa kazi zake dhaifu.

Kazi aliyoithamini zaidi ni Le Différend ya mwaka 1983. Ndani yake alichunguza hali ya mtu aliyedhulumiwa ambaye hana lugha ya kuthibitishia dhuluma hiyo mbele ya hakimu. Mfano wake mkuu ulikuwa Wayahudi waliouawa na Wanazi: wanaokana mauaji hayo hudai shahidi aliyekiona chumba cha gesi kikiua, ilhali aliyeyaona hayo hakutoka hai.

Kwa njia hiyo alijaribu kujibu lawama kwamba usasaleo hauachi nafasi ya haki. Kwake, kukosekana kwa kipimo kimoja hakukumwondolea mtu wajibu wa kumsikiliza aliyenyamazishwa.

Athari ya mjadala huo imefika hadi katika fasihi ya Kiswahili, ambapo wahakiki wamezisoma Nagona (1990) na Mzingile (1991), riwaya za Mtanzania Euphrase Kezilahabi, kwa miwani ya usasaleo.

Lyotard alifariki jijini Paris Aprili 21, 1998 kutokana na saratani ya damu, akazikwa katika makaburi ya Père Lachaise. Swali iwapo jamii ya leo ni ya usasaleo halijapata jibu moja, na pengine yeye asingeshangaa.